Kumhamisha Jumbe wa Mjimwema

Nakiri sasa, maana ndoo sibebi tena: ile mbinu ambayo ninyi, Faraja na Shaibu, mlioirithi karakana yangu ya matangi ya samaki hapa Songea, mnaiita "usawazishaji wa umiliki wa eneo" haikutoka chuo kikuu. Kwa miaka mingi nimekana. Mlipouliza imeandikwa katika kitabu gani, nilijibu, "Ni mambo ya ikolojia hayo," kisha nikageuka kutafuta taulo. Jina lile refu nililitunga mwenyewe, nimesimama sebuleni kwa mteja, jasho likinitoka, ili asiniulize swali la pili. Mbinu yenyewe niliiokota Lusewa, kwa baba yangu, siku aliyokuwa akimsema jirani yake wa zamani. Samaki hawakuwamo katika mazungumzo yale. Kwa baba, samaki ni kitoweo, na samaki asiyeliwa ni mzigo kama mzigo mwingine.

Mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau au kuiboresha. Vyeo nitaviruka, nilikaimu vingi kuliko nilivyoshika. Mshahara mnaujua, ndio ulionifanya nifungue karakana. Nitaandika yale ambayo yangenisaidia mimi nilipokuwa na umri wenu na mabuti meupe.

Mabuti meupe niliyavaa siku ya kwanza kazini. Nilitoka chuoni na shahada ya sayansi ya samaki, na imani kwamba kila kinachoua majini kina jina la Kilatini. Nikapangiwa mabwawa ya wakulima, upande wa Namtumbo, chini ya Mama Komba, afisa uvuvi mwenye sauti ya chini aliyetembea na chupa ya chai popote alipokwenda. Asubuhi ile, jua halijachomoza vizuri, tulikuta perege wa bwawa zima wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mwenye bwawa, mkulima wa tumbaku, alikuwa amejishika kichwa. Mimi nikafungua begi. Nilikuwa tayari kupima, kutia chokaa, kubadilisha maji na, ikibidi, kuandika ripoti.

"Kaa," akasema Mama Komba. "Kunywa chai kwanza."

"Mama, wanakufa."

"Jana uliwaona?"

"Hapana."

"Basi ndiyo kwanza mnaonana. Kaa."

Tukakaa ukingoni. Chai ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Jua likapanda, mimea ya majini ikaanza kazi yake ya kutoa hewa, na perege wakashuka chini polepole, kama watu wanaotoka misa. Kikombe kilipoisha, bwawa lilikuwa shwari. Samadi ilikuwa imezidi tu, na dawa yake ilikuwa kuacha kuitia.

"Ungetia chokaa yako," Mama Komba akaniambia tukiondoka, "kijiji kizima kingekula perege wiki nzima. Samaki wengi, mwanangu, huuawa na watu wenye haraka na vyeti."

Tangu siku hiyo sijagusa maji ya mtu kabla sijamaliza kikombe mbele yake. Wateja wengine walidhani nimefuata chai. Hawakukosea sana.

Kwenye matangi ya majumbani niliingia kwa njia ya jino. Daktari mmoja wa meno hapa mjini alitaka samaki chumba cha kusubiria, ili wagonjwa wasahau kilichowaleta. Nikamletea mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, buluu na njano, wazuri kama vitenge. Nikawachagua wanaofanana, kwa sababu nilidhani wanaofanana watapendana. Kwa muda mfupi wakawa wananyofoana mapezi mbele ya watu waliokuwa tayari wanaogopa kung'olewa kitu. Daktari akaniomba kwa adabu niwaondoe.

Lakini nilikuwa nimejifunza jambo ambalo nimelitumia mpaka nastaafu. Samaki hagombani sana na asiyefanana naye. Hugombana na ndugu: umbo lilelile, rangi ileile, mlo uleule, pango lilelile. Nendeni baraza lolote linaloamua mirathi mtawakuta haohao, ila wamevaa mashati. Kwa hiyo kila samaki ninayemfikiria humuuliza maswali yaleyale. Unakula nini? Unalala wapi, chini, katikati au kwenye jiwe? Unafanana na nani kati ya waliomo? Utakuwa mkubwa kiasi gani? Halafu namtazama mdomo. Kinachoingia mdomoni huhesabiwa kuwa chakula, hata kama ulishakipa jina.

Sasa nije Mjimwema.

Bwana Kalanje alikuwa mfanyabiashara wa vito kutoka Tunduru, aliyejenga Mjimwema nyumba yenye sebule ya kukutanishia ukoo. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa tangi. Mtu angeweza kulala humo akanyoosha miguu. Na alitaka liwe la maji ya chumvi, bahari kamili, huku kwetu ambako bahari watu huiona kwenye kalenda. Aliponisikia jina la ukoo akacheka.

"Ah, Mngoni! Mtani wangu. Nimeambiwa unajua samaki. Nilidhani nyinyi mnajua panya tu."

"Panya tunawapa wageni wa heshima," nikamjibu. "Wewe nitakuhudumia samaki."

Tukaelewana tangu hapo. Mtu akikutukana vizuri siku ya kwanza, siku nyingine zote ni nyepesi.

Tangi halikuwa tupu. Ndani yake alikuwamo samaki mmoja, kikande, saizi ya kiganja, mwenye mistari usoni kama mtu aliyejichora kwa wanja, meno ya kuvunja kome, na tabia ya kukoroma ukimkaribia. Jina lake Jumbe. Alikuwa wa mke wa Bwana Kalanje, Bi Zuhura, mwanamke wa Kilwa aliyeolewa Tunduru na kuzeeka kidogo kidogo mbali na bahari. Kaka yake alimletea Jumbe akiwa kama kidole gumba, naye akamlea kwenye tangi dogo mpaka walipohamia Songea.

"Da Otilia," aliniambia siku ile ya kwanza, "wanangu wote wamesoma, wamekwenda zao. Hunipigia simu wakikumbuka. Huyu kila asubuhi yupo kiooni ananingoja. Nikipita mbele yake na kanga mpya, hununa mpaka nimsemeshe ndipo anijue."

Nikaagiza kikombe changu, nikakaa. Chai haijafika nusu nikajua tatizo. Jumbe hakuwa anaishi katika tangi lile, alilimiliki. Alikuwa na pango lake nyuma ya jiwe kubwa la kushoto, na kutoka pale alikagua ukuta hadi ukuta, akisogeza vijiwe kwa mdomo, akitema mchanga pale alipoona hapakunyooka. Kebo ya kifaa cha kupashia maji joto, ambacho kwa baridi yetu ya Juni huwezi kukikosa, alikuwa ameshaing'ata. Niliifunika kwa bomba la plastiki la mafundi maji, nimelitoboa matundu. Mpaka leo sina kifaa kizuri kuliko hicho.

Kabla sijaandika mapendekezo, Bwana Kalanje alikuwa ameshaanza. Alikuwa mtu mkarimu, na ukarimu ndio uliotuponza. Kwanza alinunua visamaki vidogo vya buluu, kundi zima. Jumbe alivimaliza kama karanga. Halafu, pasipo kuniambia, akaagiza kikande mwingine.

"Nilimletea ndugu, Mtani!" alinieleza tulipokuwa tunamtoa marehemu. "Mtu hakai peke yake. Hata mimi nilipofika Songea nilitafuta Wayao kwanza."

"Hukumletea ndugu. Umemletea mshindani wa mirathi."

"Kumbe na samaki wana mambo hayo?"

"Fahali wawili hawakai zizi moja. Hili zizi ni la kioo, hata pa kukimbilia hakuna."

Katika nyumba hiyo pia niliwafundisha kwamba maji yakipungua tangini, chumvi haipungui. Yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki. Unajazia maji matupu yasiyo na chumvi. Bwana Kalanje alikuwa akijazia ya chumvi kila mara, kwa mantiki ya mpishi. Nilipoingiza kipimo, Bi Zuhura alichovya kidole akalamba. "Mbona hii si bahari tena," akasema. "Hii supu ya samaki wa ng'onda." Kipimo kilikubaliana naye.

Kisha zikaja zamu yangu na aibu yangu. Nilimchagua kangaja kwa makini yote: mwenye umbo jingine, mla mwani, muogeleaji wa katikati, mkubwa kuliko mdomo wa Jumbe, na mwenye kisu chake mkiani kama silaha ya heshima. Nikamweka karantini pale karakana mpaka nikaridhika hana ugonjwa. Siku ya kumpeleka nilifika Mjimwema nikakuta viti vimepangwa. Majirani wamevaa. Taa zote za tangi zimewashwa. Jikoni pananukia. Bwana Kalanje akasimama na kutoa hotuba fupi ya ukaribisho, akimwambia kangaja ajisikie yuko nyumbani, kisha akamwaga chakula tele majini, kwa sababu mgeni hapokelewi mikono mitupu.

Sikumzuia. Na mimi ni mtu wa hapa hapa, nimelelewa kwenye "mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Mwenyeji hakupona. Alitoka nyuma ya jiwe lake akaona mgeni, taa, na chakula chake kikiliwa, akamfuata kangaja pembe hadi pembe mbele ya majirani wote. Nilipofanikiwa kumtoa mgeni, mkia wake ulikuwa kama ufagio uliokwisha. Watu wakala pilau wakitazama sahani.

Wageni walipoondoka Bwana Kalanje hakutania. "Mama, mimi nimejenga hili tangi watu waone bahari. Sasa wanaona ugomvi. Mwezi wa Ramadhani unaingia. Nakupa mpaka Idd. Ukipata wa kukaa naye, vizuri. Akiendelea hivi, siku ya Idd Jumbe anaingia kwenye pilau, tunaanza upya na samaki wenye adabu."

Bi Zuhura alinisindikiza mpaka getini, akaangalia barabara.

"Da Otilia, siku anayomla huyo, mie narudi Kilwa kupumzika."

"Kwa muda gani, Bi Zuhura?"

"Nitajulia huko."

Niliporudi mjini sikuwa na samaki wawili tu wa kuokoa; kulikuwa na ndoa pia.

Kwa siku kadhaa nilikwenda kukaa mbele ya tangi. Ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo nilishika kikombe kitupu, kwa heshima ya nyumba na kwa mazoea ya mkono. Nilimpigia Bakari, kijana wa Mtwara aliyenitumia samaki kwa basi, ndani ya mifuko yenye hewa na maboksi ya sponji. Alikuwa na mazoea ya kunicheka.

"Dada, mtoe huyo kikande. Kikande ni jambazi. Nikupe chewa, mpole sana, hata hasogei."

"Hasogei kwa sababu ameshiba. Akiwa na njaa je?"

"Basi mkunga."

"Bakari, nimekuomba jirani, wewe unaniletea nyoka."

"Dada, bahari ndiyo ilivyo. Huko kwenu mlimani mnataka samaki wa kwenda kanisani."

Nikakata simu. Ila usiku huo sikulala vizuri, maana vitabu vyangu vyote vilikubaliana na Bakari. Vilisema: mchokozi akiwa wa kwanza kuingia, mtoe. Wapole waingie kwanza, wakorofi mwisho. Jumbe alikuwa ameingia wa kwanza, akiwa kidole gumba, na hakuna kitabu kilichosema nini kifanyike kama huyo mkorofi anapendwa na mtu.

Jumapili nikaenda Lusewa kumwona baba. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa nikashika gunzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wale samaki wako?"

"Mmoja anawaua wenzake."

"Mkubwa?"

"Kama kiganja."

"Mchome."

"Baba, ni wa mtu."

"Na mtu huyo kakosa mafuta?"

Nikamweleza, kwa lugha ya kawaida, kwamba samaki mwenyewe si mbaya ila amejifanya mwenye mawe, na kila apitaye anafukuzwa. Baba akacheka mpaka mahindi yakamtoka mkononi.

"Huyo ni Kapinga!"

Mzee Kapinga alikuwa jirani yetu kule tulikotoka, kabla ile operesheni ya vijiji vya ujamaa haijatuhamishia wote kijijini. Mimi nilikuwa mdogo; nakumbuka lori na kuku.

"Kule kwa zamani," baba akaendelea, "mto ulikuwa wa Kapinga. Babu yake ndiye aliyefyeka wa kwanza, basi. Ukipita, omba. Mama yako alimwagiwa maji yake mara ngapi? Ikaja operesheni. Wote juu ya lori. Tukashushwa porini, kila mtu na mstari wake. Mimi sijui mto uko wapi, Kapinga hajui mto uko wapi. Hazikupita siku nyingi, nani huyo mlangoni? Kapinga! Kaja kuomba chumvi. Kakaa pale, mikono magotini, ananiita 'ndugu yangu.'"

"Hakuanza tena ugomvi?"

"Agombee nini? Mtu hana mto, atamfukuza nani?" Kisha akaninyooshea gunzi. "Wewe usiende kuandika kwamba nilisifia. Nyumba niliiacha na mlango wake mzuri, na makaburi ya wazee yako kule mpaka leo. Lakini Kapinga kuomba chumvi, aisee. Hilo lilikuwa tamu."

Mimi nilikuwa nimeshaacha kupukuchua.

Jumatatu nikampigia Bakari na sikumpa nafasi ya kucheka. Yule kangaja wangu alikuwa amepona. Mkia ulikuwa umeota. Nikaagiza kitatange mmoja, mpana, mwenye rangi za kanga, asiyefanana na yeyote aliyemo. Puju, yule mwenye pembe usoni, nilimkataa ingawa nilimpenda, kwa sababu angekua akalifanya tangi bafu. Na nikaagiza kinyozi: yule samaki mwembamba kama penseli, mwenye mstari mweusi, ambaye riziki yake ni kuwasafisha wenzake, akiingia hata vinywani mwao kuwatoa vijidudu na ngozi iliyokufa.

"Dada, kinyozi hadumu kwenye kioo," Bakari akasema, safari hii bila mzaha. "Anakufa njaa. Wateja hawatoshi."

"Ndiyo maana nataka aliyeshajua kula cha mezani. Mpe kamba waliokatwakatwa. Akikataa usimtume, hata kama ni mzuri vipi."

Akanitafutia. Alichukua muda, na simlaumu tena huyo kijana.

Siku ya kazi nilimtoa Jumbe kwa ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa kikande ukimtia wavuni hunasa miiba yake na kuuchana wavu pamoja na roho yako. Nikamweka kwenye pipa kubwa chumba cha kufulia, pampu ya hewa na joto vikiwemo. Bi Zuhura akaleta kiti chake huko. Kisha nikabomoa bahari. Kila jiwe nikalihamisha. Lile kubwa la kushoto nikalilaza kulia, mdomo wa pango nikauelekeza ukutani. Nikajenga mapango mapya mengi kuliko wakazi, njia za kupenya pande zote mbili, kusiwe na pembe ya mtu kubanwa. Lilikuwa tangi jipya kwa maji yaleyale.

"Mtani," Bwana Kalanje akauliza, akitazama mchanga wake kila mahali, "hii sasa inaitwaje?"

Nikafikiria kusema: inaitwa Kapinga. Badala yake nikajikuta nasema, "Usawazishaji wa umiliki wa eneo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeoneshwa jiwe la thamani. Hakuuliza tena.

Kangaja, kitatange na kinyozi wakaingia kwanza, taa zimezimwa, mapazia yamefungwa, sebule haina mtu. Nikawaacha siku chache wajifunze vichochoro. Ndipo zamu ya Jumbe ikafika, na Bwana Kalanje akaja amevaa koti.

"Leo hakuna hotuba," nikamwambia.

"Hata fupi?"

"Hata fupi. Walishe kwanza hawa waliomo, kule kulia, washibe."

"Sasa mgeni ni nani?"

"Jumbe."

Nikamwachia aingie upande wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja pale pango lake lilipokuwa. Akasimama. Akazunguka, akarudi, akasimama tena pale pale penye maji matupu. Bi Zuhura alishika ncha ya ushungi wake kwa meno. Kangaja akapita katikati, akamwonyesha kisu cha mkiani bila kumgusa. Jumbe akakoroma kidogo, kwa desturi tu, kisha akaanza kutafuta pa kulala. Akaingia pango dogo la chini, la kawaida kabisa, ambalo nililijenga nikidhani halitampata mtu. Mikono ingekuwepo, angeiweka magotini.

Bwana Kalanje akataka kushangilia. Nikamzuia. Nendeni na hili kichwani, wadogo zangu: amani ya siku mbili ni uchovu. Samaki wanaweza kupuuzana huku kila mmoja akiwa anamsubiri mwenzake alale. Nikawaambia ishara ninayoitaka ni moja. Mdomo wa Jumbe ndio uliokuwa ukiua. Basi siku Jumbe atakapoufungua mdomo huo, kinyozi akaingia na kutoka mzima, siku hiyo wamekuwa wakazi wa mji mmoja. Kabla ya hapo asinipigie mtu simu ya furaha.

Simu zilizokuja zilikuwa nyingine. Kinyozi alimnyoa kangaja. Alimnyoa kitatange. Alimsogelea Jumbe akicheza ile ngoma yake ya kuomba kazi, na Jumbe akamfukuza. Hakumng'ata; alimfukuza tu. Siku zikapita, mfungo ukazidi kupungua, na Bwana Kalanje akarudi kwenye utani, ambao kutoka kwake ulinitisha kuliko hasira.

"Mtani, nimenunua mchele."

"Hongera."

"Na viungo. Vinyozi wote wa mjini wana foleni kwa ajili ya Idd, mimi mwenyewe nimeshanyolewa. Amebaki huyu Jumbe wako na ndevu zake."

"Mwandamo bado."

"Bado kidogo, Mtani. Kidogo sana."

Nilikwenda mara moja zaidi, nikakaa na kikombe changu kitupu. Nilitamani kufanya kitu: kusogeza jiwe moja, kupunguza chakula, kumtoa kinyozi nimrudishe baadaye. Mkono ulikuwa unawasha. Nikamkumbuka Mama Komba na perege wake, nikakaa mpaka kikombe kisichokuwa na kitu kikaisha. Nikaondoka bila kugusa maji. Bi Zuhura aliniaga vizuri mno. Ukumbini nyuma yake niliona begi, limefungwa zipu.

Asubuhi ya Idd nilikuwa nyumbani uani nasugua mabuti, ambayo hayakuwa meupe tena tangu mwaka ule wa kwanza. Mji ulikuwa umetulia, watu wametoka kuswali. Simu ikalia. Bi Zuhura. Nikaitazama ikilia, mikono ina sabuni, nikaipokea kwa kidole cha mwisho.

Kwanza sikusikia kitu ila kelele za sebule na mtu anayepumua kwa nguvu.

"Bi Zuhura? Idd njema. Kafa nani?"

"Da Otilia! Da Otilia, njoo uone. Kalala ubavu, kaachama mdomo kama mtoto kwa daktari, na yule mwembamba yumo ndani kabaki mkia!"

"Ametoka? Bi Zuhura, kinyozi ametoka?"

"Katoka kwenye shavu! Karudi tena! Ananyolewa, Da Otilia! Jumbe ananyolewa!"

Nilikaa juu ya ndoo. Nyuma yake nikasikia viti vikiburutwa, majirani wakiitana waje kiooni, halafu sauti ya Bwana Kalanje ikipanda juu ya zote.

"Huyo Mtani? Mwambie aje haraka, chakula kinapoa! Mwambie pilau ni la kuku!"